Salamu za Mke Mwenza

Kila tulipokwenda kwa ukoo wa baba, paji langu la uso lilisalimiwa kabla yangu. Mimi nimeinama naamkia, shikamoo shangazi, na jicho la ninayemwamkia limeshapanda juu ya macho yangu na kutua pale. Kisha marahaba inakuja na mkia wake: "Marahaba. Jamani, hili komwe bado linakua tu?"

Nilikuwa nalo kweli, sikatai. Paji pana, limetokeza mbele, gumu na la mviringo kama zile komwe za kuchezea bao. Pembeni yake masikio yaliyosimama, na chini meno mawili ya mbele ambayo popote nilipokwenda yalitangulia kufika. Na urefu juu ya hayo. Umri ambao wenzangu walikuwa wakijaa mashavu, mimi nilikuwa nakwenda juu tu kama mpapai uliopandwa karibu mno na ukuta. Kwa mama, Mazingara, hayo hayakuwa habari. Huko nilijulikana kwa kutwanga upesi na kununa upesi, basi. Ilibidi tupande lori la Mhindi kutoka Handeni, tushuke Korogwe, tuvuke reli na kupanda milima kwa miguu hadi Kwashemshi, ndipo niambiwe kwamba mimi ni mbaya.

Baba alikuwa Msambaa wa huko Kwashemshi. Alishuka Handeni enzi za Mwingereza, kijana, fundi seremala, amekuja kutengeneza milango na madirisha ya baraza. Akamwona mama, akaoa, asirudi tena. Kwa Wazigua wa zamani mwanamume kukaa kwa wakwe si ajabu. Kwa dada zake lilikuwa ajabu na lilikuwa kosa. Walikuwa wawili, shangazi mkubwa na shangazi mdogo, na kaka yao mmoja tu, naye amemezwa na nyika. Wote watatu walikuwa wafupi, weupe kidogo, wenye nyuso za duara. Ukiwaketisha mkeka mmoja ungesema wamefinyangwa siku moja kwa udongo mmoja. Mtoto wa kaka yao ndiye hakufanana nao hata kidogo.

Sasa, kwetu mtu hacheki uso wa mwenzake ovyo. Anayeruhusiwa anajulikana. Binamu yako ni mtani wako, atakuita chura na utamwita nyani, na hakuna atakayevunjika moyo. Bibi yako ni mtani wako vilevile. Maneno ya utani hayana kesi wala hayana ushahidi: anayeyasema hayamaanishi na anayeambiwa hayaweki moyoni. Lakini shangazi si mtani. Shangazi ni baba wa kike. Neno lake ni neno, na likishatoka hakuna mahali pa kulirudisha.

Nilikuwa na miaka kama kumi tulipokwenda kwenye harusi ya mtoto wa shangazi mkubwa. Siku moja kabla ya harusi wanawake walikaa uani wakipepeta na kuchagua mchele, na mimi nikakaa karibu na mama na ungo wangu mdogo. Shangazi mdogo alianza, kwa sauti ya mtu anayepitisha wakati.

"Mtoto huyu mumfunge kamba. Upepo wa huku milimani, na masikio hayo, mtamwokota huko chini Makuyuni."

Wakacheka. Mwingine akasema meno yangu yangefaa kumenyea mahindi. Wakacheka tena. Mama alicheka kidogo, kicheko cha mkwe. Mimi niliendelea kutoa mawe kwenye mchele, na mawe yalianza kuonekana mawili mawili, kwa kuwa macho yalikuwa yameshajaa.

Kisha shangazi mkubwa akaweka ungo wake chini.

"Mimi najiuliza tu," alisema. "Kwa baba yetu hakuna komwe. Kwa mama hakuna. Wifi, kwenu lipo?"

"Kwetu pia halipo," alisema mama. Hakujua kusema uongo, hata pale uongo mdogo ungemfaa.

"Basi liko kwa nani?"

Hili halikuchekewa. Ungo wa mama ulisimama hewani. Nilikuwa mdogo, ila hapana mtoto anayekaa na wanawake wanaochagua mchele asijue swali kama lile linauliza nini. Mama akaanza kupepeta upya, polepole, na makapi yakamrukia mwenyewe usoni.

Bibi ndiye aliyejibu. Alikuwa amekaa mlangoni akimenya maharage. Nieleze bibi alivyokuwa. Alikuwa amepinda mgongo kwa jembe hata akitembea alikuwa akitazama miguu ya watu. Meno hakuwa nayo. Ndui ilimpata akiwa bibi harusi, kabla hajazaa hata mtoto mmoja, ikamchimba mashavu, ikala nyusi, ikachukua jicho moja. Tangu hapo alijifunga kitambaa cheusi, kikaanzia karibu na macho na kufunika masikio. Hakukivua kwa kulala wala kwa joto. Wanawe walimkuta nacho na wakamzoea nacho, kama mtu anavyoizoea nyumba ambayo chumba kimoja hakifunguliwi.

"Liko kwangu," alisema bibi. "Mke mwenza ameniibia uso wangu."

Hapo kicheko kilipasuka uani kote, cha watu waliokuwa wakingoja ruhusa ya kupumua. Mke mwenza ndiyo mimi, maana mjukuu wa kike na bibi yake wana mume mmoja, ambaye ni babu. Babu alikuwa kaburini siku nyingi, lakini sisi tuliendelea kumgombea. Nami nilijua wajibu wangu. Nikajifuta macho kwa mgongo wa mkono nikamjibu.

"Uchukue basi. Mimi nimeuchoka."

"Uvae kwanza. Mimi niliuvaa mpaka ndui iliponivua. Uutunze, nitakuja kuudai."

"Mama naye kwa utani!" alisema shangazi mdogo, akishika mbavu.

Nami nilicheka. Nilimtazama mwanamke yule mwenye mashimo na jicho moja na kitambaa, nikafikiri, masikini bibi, amejitukana mwenyewe ili kuniokoa. Hivyo ndivyo tulivyomwelewa sote. Alikuwa amelisema jambo lile wazi, mchana, mbele ya wanawake wa ukoo mzima, na kwa kuwa alilisema akiwa mtani hakuna aliyelisikia.

Tuliporudi Mazingara, mama aliweka mzigo wake chini na kusema Kwashemshi ameiona, inatosha. Baba hakuuliza kwa nini. Nikajua kwamba ameshaambiwa. Dada zake walimweleza, au walimuuliza lile lile walilomuuliza mama, na hakuna mtu anayeulizwa neno kama hilo na dada yake mkubwa likampita tu.

Siku moja nilikuwa namshikia ubao akipiga randa chini ya banda lake la kazi. Randa ikanyamaza. Nilipoinua kichwa nilimkuta ananitazama paji la uso. Hakuwa na hasira. Alikuwa anapima, kama alivyopima ubao kabla ya kuukata. Alipoona nimemwona aliendelea na kazi, na maranda yakaendelea kuanguka miguuni petu mpaka mama alipotuita kula.

Kuanzia siku ile nilijitanda kanga hadi kwenye nyusi. Wengine walidhani ni adabu. Mama hakudhani hivyo, lakini hakuivuta nyuma wala hakunikataza. Watu wa Kwashemshi wangeweza kuniita komwe, mpapai, au chochote kilichowajia mdomoni. Niliumia, ila ningeishi. Nilichokiogopa kilikuwa kimoja: kwamba baba ataamini. Kwamba siku moja atamaliza kupima, aseme mimi si wake, na mama aonekane ni mwanamke wa namna ile. Nilikuwa nampenda sana baba. Nilimpenda kwa harufu ya mninga iliyokuwa kwenye nguo zake, na kwa kuwa alinipa misumari iliyopinda niinyooshe kana kwamba ilikuwa kazi kubwa. Nilikula naye, nilimpelekea maji, nilimwamkia kila asubuhi, na kila mara nilikuwa nasikiliza sauti ya marahaba yake kama imebadilika.

Haikubadilika, lakini haikuwa ileile pia. Siwezi kueleza zaidi ya hapo.

Ikawa baba anakwenda Kwashemshi peke yake, kila Idi. Alirudi na ndizi, maharage ya milimani, na salamu. Bibi hakukosa kuniletea salamu, na baba hakukosa kunifikishia. Alikuwa akikaa kwenye kigoda, anavua viatu, anatazama miguu yake, kisha anasema kama mtu anayesoma tangazo la Bwana Shauri wa wilaya:

"Bibi yako anasema usiukune uso wake. Anautaka mzima."

Idi nyingine: "Bibi yako anauliza kama uso wake bado unanuna upesi. Anasema yeye ulimpa taabu sana kwa kununa."

Na nyingine: "Bibi yako anasema usiufunike. Anasema yeye alikuwa na sababu, wewe huna."

Hii ya mwisho ilinishangaza kidogo, maana sikujua ni nani alimweleza kwamba najifunika. Lakini nilijibu kama kawaida. "Mwambie aje auchukue mwenyewe." Baba akaitika kwa kichwa, na Idi iliyofuata akaupeleka ujumbe huo mlimani bila kucheka, kama alivyoleta ule wa kwanza. Ilikuwa inachekesha, mwanamume mzima, fundi wa watu, kubeba utani wa kikongwe na kitoto. Mama alikuwa akigeuza uso ili asicheke. Siku hizo za Idi nyumba yetu ilikuwa karibu ya raha.

Bibi alifariki nikiwa msichana mkubwa, miaka ya baada ya ile vita kuu ya pili, nguo zikiwa bado za shida. Habari ililetwa na dereva wa lori. Baba aliondoka na lori lilelile, akakuta wameshazika. Arobaini ilipokaribia, mama alianza kufunga mzigo. Nilimkumbusha kwamba aliapa.

"Niliapa kwa ajili ya walio hai," alisema mama. "Aliyekufa hakunitukana."

Tulifika Kwashemshi jioni, miguu imevimba. Shangazi mkubwa alitupokea. Alikuwa amekonda, na nilipoinama kumwamkia alichelewa kujibu, hata nikadhani hakusikia. Hakunitazama kwa muda. Kisha alisema: "Marahaba. Umekua. Afadhali umejifunza kulifunika." Alisema kwa sauti ndogo isiyo na mchezo, akaondoka kuelekea jikoni. Nikajisemea, haya, tumefika.

Kesho yake wanaume walisoma hitima uwanjani mbele, wanawake tukapika nyuma. Watu walikula. Vitu vya bibi vilitandikwa kwenye mkeka ili wanawe wagawane: kanga chache, chungu, jembe, kitambaa cheusi. Lakini matanga hayawezi kwisha mtani hajafika. Mtani ndiye anayefungua watu vifua. Anavaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, anakohoa na kugomba kama marehemu, mpaka waliofiwa wanacheka wakilia, na baada ya hapo mtu anaweza kurudi shambani kwake. Mtani wa bibi alikuwa mtoto wa mjomba wake, mzee wa Makuyuni aliyewahi kufanya kazi ya reli. Walikulia ua mmoja, na katika wote waliomjua bibi akiwa mtoto alikuwa amebaki yeye tu. Shangazi zangu walimwita mjomba. Alichelewa kwa sababu ya magoti, alisema, na kwa sababu marehemu hakuwahi kumtumia nauli.

Alikwenda moja kwa moja kwenye mkeka, akajitwika kanga, akafunga kitambaa cheusi hadi machoni, akafumba jicho moja, akapinda mgongo. Ghafla bibi alikuwa uani. Akapita kwenye masufuria akionja. "Chumvi hii imewekwa na nani? Mnataka kuniua mara ya pili?" Akamkuta shangazi mdogo ameketi, akamgonga goti kwa fimbo. "Wewe, tangu nife hujainuka hapo?" Wanawake walikuwa hoi. Shangazi mdogo alilia na kucheka kwa wakati mmoja. Mimi pia nilicheka, nikiwa nimebeba birika mkono mmoja na beseni mkono wa pili, kwa kuwa nilikuwa nawanawisha watu mikono.

Akafika kwangu, akanyoosha mikono nimnawishe.

"Na huyu mlingoti ni nani?" aliuliza kwa sauti ya bibi.

"Mke mwenza wako huyo," mtu alisema.

"Mke mwenza! Na mbona kajifunga kama mimi? Naye ana ndui?"

Akaivuta kanga yangu kwa nyuma. Mtani ana ruhusa hiyo, na mikono yangu yote miwili ilikuwa na kazi. Kanga ikaniangukia mabegani, na nikasimama mbele ya ukoo wa baba na paji langu lote juani.

Mzee yule alinyamaza. Mtani akiwa kazini hanyamazi. Alilifumbua lile jicho alilokuwa amelifumba, akajinyoosha kadiri mgongo wake ulivyokubali, akaniita kwa jina. Halikuwa jina langu. Lilikuwa la bibi, la utotoni, ambalo hakuna mtu pale aliyekuwa akilitumia tena. Maji yalikuwa yanamdondoka vidoleni, hakuyafuta.

"Mjomba, huyo ni mtoto wa kaka, yule wa Handeni," alisema shangazi mdogo.

"Najua ni wa nani. Nauliza mlimficha wapi." Aliniangalia masikio, akaniangalia meno. "Paji hili mimi nililiita komwe, tunachota maji, wadogo. Akanisukuma mtoni na kibuyu changu. Simwezi. Alikuwa mrefu kupita wavulana wote wa hapa. Masikio haya haya. Meno haya haya. Na kununa huku huku, mtazameni. Kisha ikaja ndui."

"Mama hakuwa na komwe, mjomba," alisema shangazi mdogo, bado anatabasamu. "Acha utani wako."

"Sitanii," alisema mzee.

Sijapata kusikia neno lile tena kutoka kwa mtani aliyevaa nguo za marehemu. Watu waliacha kutafuna.

"Wewe mama yako ulimwona lini bila kitambaa?" alimuuliza.

Jibu lilitoka upande wa jiko. Shangazi mkubwa alikuwa amesimama na mwiko mkononi.

"Mimi nilimwona," alisema. "Siku ya kumwosha. Kichwa nilikiosha mimi."

Mama, ambaye miaka yote ile hakuwahi kujibu neno katika ua ule, aliweka chini bakuli alilokuwa analisuuza.

"Na siku zote hizi, wifi?"

"Nilinyamaza," alisema shangazi mkubwa.

Wanaume walikuwa wameanza kusogea kutoka mbele, kwa sababu kicheko cha mtani kilikatika ghafla. Baba alikuwa kwenye kona ya nyumba. Alikuwa amesikia. Alinitazama, si kwa kupima, bali kwa mtazamo wa mtu aliyekuta mlango wa nyumba yake mwenyewe umepachikwa kinyume na aliyeupachika ni yeye. Kisha akatazama miguu yake.

Kwetu kinyongo huondolewa kwa maji. Aliyekosewa hupewa maji, huyasukutua, huyatema pembeni, na jambo limekwisha. Shangazi mkubwa alileta maji katika kata, akapiga magoti mbele ya mama, mtu mzima yule, mbele ya watu. Mama alichukua muda. Alimaliza kwanza kusuuza bakuli lake. Kisha akapokea, akasukutua, akatema. Shangazi akaniletea mimi. Nilimtazama juu ya ile kata. Alikuwa ametazama paji langu na machozi yanamtiririka, na nyuma yake wanawake wengine wameshaanza kusogea wanishike uso, jamani mama yetu, jamani mama. Nilikasirika kuliko siku zote nilizowahi kukasirika. Jana nilikuwa komwe, leo ni mama yao, na siku zote mbili hakuna aliyenitazama mimi. Nikayapokea maji yale nikayameza.

Aliona. Akarudisha kata jikoni. Miaka mingi baadaye alipougua nilimuuguza, na maji ya kutema tuliyamaliza wakati huo, sisi wawili, bila watu.

Mzee wa Makuyuni aliivua kanga ya bibi akanitupia begani. "Uso ulichukua bila ruhusa," alisema, na sauti yake ilikuwa imerudi kwenye utani. "Chukua na nguo, wezi hawachagui." Watu wakapata kucheka tena, na matanga yakaendelea hadi mwisho kama inavyotakiwa.

Nimefikiri mara nyingi kwa nini bibi hakuwaketisha wanawe akawaambia waziwazi, uso huu ni wangu, mwacheni mkwe wangu. Nadhani hakuweza. Uso ule aliuzika akiwa bibi harusi, na kwa muda wote uliobaki wa maisha yake hakupata namna ya kuutaja ila kwa kucheka. Angeutaja bila kucheka angelia.

Tulirudi na lori la Mhindi, tumeketi juu ya magunia ya chumvi, mama katikati yetu. Nilikuwa nimejitanda kanga ya bibi mabegani tu. Upepo ulinipiga usoni njia nzima, na masikio yangu hayakunirusha popote. Baba alisubiri mpaka tulipoiacha milima nyuma na nyika kuanza.

"Kila Idi alinituma mimi," alisema.

Hatukujua kama amemaliza.

"Njia nzima nazirudia zile salamu nisisahau. Usiukune uso wangu. Usiufunike uso wangu. Nazirudia mpaka Handeni." Alikuwa anazungumza na magunia. "Nikidhani nimetumwa kwako."

Lori lilipita kwenye shimo, tukarushwa sote, tukakaa tena. Mama alirekebisha mtandio wake. Alikuwa amelichukua swali lile la komwe tangu nina miaka kumi, kama mtu anavyobeba mzigo kichwani, bila kuugusa kwa mkono.

"Basi salamu zimefika," alisema.

Baba akavuta kanga iliyokuwa inapeperuka begani kwangu, akaiweka vizuri, akaishikilia pale kwa mkono wake wa kifundi mpaka Handeni.

Leo mimi ndiye bibi. Nina mjukuu mmoja, mtoto wa mwanangu wa kiume, na jambo limerudi lote: paji, masikio, meno, na kununa. Tunataniana mchana kutwa, tunamgombea mume wetu aliyekwisha kufa. Lakini aliporudi siku moja kutoka harusini kwa ndugu wa mama yake, amejitanda hadi kwenye nyusi, nilimketisha mbele yangu, nikamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, bila kucheka, kwamba uso ule ni wangu, na kabla yangu ulikuwa wa bibi yangu.

Akacheka. "Wewe bibi kwa utani," alisema.

Nikamwita baba yake aache kazi, aje akae, asikie.